Jibu: Kaka anakunywa gongo, anayemuuguza ni mimi peke yangu

Pole sana, dada yangu wa Ng'ambo. Umeandika kwamba kaka yako anaanza gongo asubuhi, ameuza mpaka masufuria ya mama, na wewe hujalala vizuri tangu Ramadhani. Nakuelewa, nimemuuguza mdogo wangu miaka minne hapa hapa Tabora.

Wazo lako la kumfungia chumbani mpaka aache, liache. Mimi nilifanya hivyo. Siku ya pili akatetemeka, akaanguka, akakakamaa. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kufa. Akitetemeka sana, akiona vitu visivyokuwepo au akianguka, mkimbizeni hospitali usiku huo huo. Hapa Tabora, Kitete ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizieni huduma ya afya ya akili. Ikibidi wanaweza kuwaandikia rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma.

Chakula mpe, pesa mkononi usimpe. Deni la kilabuni usilipe hata muuzaji akija kufoka mlangoni: ukilipa mara moja, umemfungulia daftari.

Sasa wewe. Itisha kikao cha ndugu, mgawane zamu kwa majina na siku. Yule wa Dar anayesema "tuko pamoja" atume nauli na hela ya dawa. Wiki hii hii kalale kwa shangazi siku mbili (watakusema, waache).

Akishika panga usibishane naye. Toa watoto, ita majirani na mjumbe. Na ukiona unaanza kutamani kufa, nenda kwa daktari wewe mwenyewe, usisubiri kaka apone kwanza.