Kununua Ndege Ndogo: Pima Mafuta kwa Safari, Si kwa Saa

Kila mtu anayenipigia simu akitaka ushauri kuhusu ndege ndogo ya kununua huanza na swali lile lile: inakula lita ngapi kwa saa? Nami niliuliza hivyo hivyo miaka kadhaa iliyopita, wakati mimi na wenzangu watatu tulipochanga fedha tununue Cessna 172 na kuiweka katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Muuzaji alitujibu bila kusita kwamba inakula lita 30. Hakutudanganya, kwa sababu injini ile ya nguvu za farasi 160 inaweza kweli kuishi na lita 30 ikiwa juu, imetulia, na rubani anajua anachofanya. Kosa lilikuwa letu sisi tulioichukua namba ile moja tukaipangia safari nzima.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa ya Mombasa, mwezi wa Julai, kusi ikiwa imeshika. Kutoka Wilson hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni takriban maili za baharini 230, yaani kilomita 430 hivi, na matangi ya ndege yetu yana lita 151 zinazotumika. Nilikadiria saa mbili na nusu kwa sababu ya upepo wa mbisho, nikazidisha kwa 30, nikaridhika kwamba tungetua na zaidi ya lita 70. Tulipofika nilipanda kwenye kikanyagio cha bawa, nikafungua kifuniko cha tangi na kutumbukiza kijiti cha kupimia. Kilipotoka, ule unyevu wa buluu ulioachwa na petroli ya ndege ulikuwa umeishia chini sana kuliko nilivyotazamia. Nikakipangusa, nikatumbukiza tena, kisha nikaenda bawa la pili. Yote mawili pamoja yalikuwa na lita 45. Hatukuwa tumevunja kanuni ya akiba, lakini nilisimama pale juani nikiwaza ingekuwaje iwapo uwanja ungefungwa na tukaambiwa turudi Voi.

Tulikuwa tumechoma zaidi ya lita 40 kwa saa, na sababu ilikuwa mkononi mwangu. Kile kitufe chekundu cha kurekebisha mchanganyiko wa hewa na mafuta nilikigusa kidogo tu, nikihofia kuichoma injini. Kwa rubani wa Nairobi hilo ni kosa kubwa. Wilson iko zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kitabu cha Cessna 172 chenyewe kinaagiza kwamba katika viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 mchanganyiko upunguzwe hata kabla ya kuruka, hadi injini ifikie mizunguko yake ya juu kabisa. Ukiacha kitufe kimesukumwa chote ndani, mafuta yanazidi hewa, plagi zinashika masizi, nguvu inapungua, na fedha zako zinatokea kwenye bomba la moshi. Tangu nijifunze kukivuta vizuri, wakati wa kupaa na wakati wa mwendo wa safari, daftari langu linaonyesha lita 34 kwa saa nikihesabu kila kitu, tangu injini inapowashwa hadi inapozimwa.

Daftari hilo ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu namna ya kulinganisha ndege. Nikichukua wastani wa kwenda na kurudi, maana upepo unaotubisha tukielekea pwani hutusukuma kwa nyuma tukirejea, safari moja ya Mombasa inatugharimu takriban lita 82. Rafiki yangu ana Mooney M20J, ndege yenye injini ya farasi 200, bawa la chini na magurudumu yanayokunjwa. Kwa saa inakula lita 38, kwa hiyo anayeuliza swali lile la kawaida ataiona kuwa ni mlafi kuliko yetu. Lakini Mooney inakwenda karibu kilomita 285 kwa saa mahali ambapo yetu inakwenda 195, na safari ile ile ya Mombasa anaimaliza kwa lita 64 hivi. Inakula zaidi kwa saa, inakula kidogo kwa safari. Tofauti haimo katika injini, kwa kuwa zote mbili ni za Lycoming na ni ndugu wa karibu; imo katika umbo. Magurudumu yetu yananing'inia hewani muda wote, na mihimili inashikilia mabawa, na vitu hivyo hulipiwa kwa petroli kila kilomita.

Kisha kuna suala la watu, ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Cessna 206, ile kubwa ya farasi 300 inayobeba watalii na mizigo kila siku Wilson, ingetumia takriban lita 110 kwa safari yetu ya Mombasa. Ni nyingi ukiitazama peke yake. Lakini ikibeba watu watano, kila mmoja amechukua lita 22. Mooney yenye watu watatu inampa kila mmoja lita 21, na 172 yetu yenye watatu, ambao ndio mzigo wake wa kweli matangi yakijaa na jua likiwa kali, inampa kila mmoja lita 27. Nilipoenda peke yangu nilizila lita zote 82. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza chochote kuhusu ndege, hesabu kwa uaminifu ni viti vingapi utakavyovijaza katika safari zako za kawaida. Mwenye familia ya watu watano anayekwenda pwani kila likizo hapaswi kuionea 206 aibu, na mwenye kuruka peke yake Jumapili asubuhi hana haja nayo hata akipewa kwa bei ya chini.

Kuhusu ndege za dizeli, kama Diamond DA40 NG inayotumia Jet A-1, ninakiri kwamba nazitamani. Hupata karibu kilomita 10 kwa lita, wakati 172 yetu haifiki 6, na mafuta yake yanapatikana katika viwanja vingi ambako petroli ya ndege haipo au huletwa kwa mapipa. Ila unapolinganisha kumbuka kwamba lita si sawa na lita: ya Jet A-1 ina uzito wa takriban kilo 0.8 na ya petroli ya ndege kilo 0.72, hivyo sehemu ya ushindi ule inatokana na mafuta mazito zaidi yenye nishati zaidi. Sehemu iliyobaki ni sifa halali ya injini na ya umbo la ndege. Bei ya kuinunua ndiyo iliyotuzuia sisi.

Kabla hujauza ulicho nacho, jaribu kwanza kupunguza mwendo. Nguvu inayohitajika kushinda ukinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo (mwendo mara mwendo mara mwendo), kwa hiyo ukipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu hiyo hushuka kwa zaidi ya robo. Profesa Bernard Carson, Mmarekani, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mwendo unaotumia mafuta kwa faida zaidi bila kupoteza muda mwingi ni kama mara 1.32 ya ule ambao ndege huteleza mbali zaidi injini ikizimika. Kwa 172 yetu hiyo ni maili za baharini 86 kwa saa kwenye kipima mwendo, ambazo katika futi 9,500, hewa ikiwa nyepesi, ni kama 100 halisi. Mimi hutumia mwendo huo nikirudi Nairobi, upepo ukiwa nyuma. Nikielekea pwani sifanyi hivyo, kwa sababu dhidi ya upepo mkali kila dakika unayoongeza angani inakupunguzia faida.

Wenzangu waliwahi kupendekeza tuuze 172 tununue Mooney. Tulikaa na daftari jioni moja. Kwa safari 20 za Mombasa kwa mwaka tungeokoa lita 360, na kwa safari fupi za Nanyuki, ambako nusu ya muda unapita katika kupaa na kushuka, akiba ingekuwa lita chache tu kila mara. Magurudumu ya kukunjwa na propela inayobadilisha pembe vinahitaji fundi, vipuri na bima kubwa zaidi, na lita 360 hazitoshi kuvilipia. Tukabaki na yetu. Kama tungekuwa tunaruka saa 200 kwa mwaka, tena mwendo mrefu, ningepiga kura upande mwingine.

Ukishachagua aina, usikubali namba za mdomoni wala za kwenye tangazo, kwa sababu ndege mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kutokana na hali ya injini, rangi iliyochubuka au vifuniko vya magurudumu vilivyoondolewa. Mwombe mwenye ndege mruke pamoja, nawe ulipe mafuta. Iegesheni mahali tambarare na mjaze matangi hadi mdomoni. Rukeni saa mbili katika njia ya pembetatu, ili upepo usimpendelee yeyote, mkiwa na watu na mizigo unayokusudia kubeba, kisha mrudi mahali pale pale na kujaza tena hadi mdomoni. Usisome geji za ndani, soma mita ya pampu, na uandike kilomita na lita siku hiyo hiyo.