Jibu: Ule nini ukiwa Lisbon

Mkuu, kwa kuwa umesema una siku mbili tu Lisbon na nguruwe huli, egemea samaki. Agiza bacalhau à Brás: samaki aliyekaushwa kwa chumvi, akalowekwa, kisha akachambuliwa na kupikwa na vitunguu, mayai na vipande vyembamba vya viazi vya kukaanga. Ni chakula kizito, kitamu mno, na kwangu hakuna kinachokifikia mjini humo. Ukifika Juni, nenda mtaa wa kale wa Alfama jioni ukale dagaa wakubwa wa kuchoma. Usiku wa tarehe 12, mkesha wa Mtakatifu Antonio, mtaa mzima unafuka moshi.

Supu ya caldo verde, ya mboga za majani na viazi, huwekewa soseji ya nguruwe, omba isiwekwe. Bifana, mkate wenye nyama ya nguruwe, iache kabisa.

Kwa kitu kitamu, kula pastel de nata, vikeki vidogo vya kastadi, zile za mtaa wa Belém, duka la tangu 1837, zikiwa moto, na mdalasini juu. Sambusa utazikuta pia mikahawani, zimetoka Goa na Msumbiji. Uliza ndani kuna nyama gani.

Kwa mapishi ya kisasa, soko la Mercado da Ribeira lina vibanda vya wapishi mashuhuri tangu 2014. Bei imechangamka, na usiku hupati kiti, kwa hiyo wahi kabla ya saa sita mchana.