Bundi wa sebuleni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu anayesomea sanaa ametundika sebuleni nakala ya picha ya mtu mwenye sura na manyoya ya bundi, amekaa mezani anachora ndege. Mama mkwe amekuja kututembelea na hataki hata kukaa mkabala nayo. Anasema ni uchawi mtupu. Picha hii ina maana gani, na aliyeichora ni nani?
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Hiyo ni “Kuumbwa kwa Ndege”, picha ya rangi za mafuta ya mwaka 1957. Mchoraji ni Remedios Varo, Mhispania aliyekimbia vita Ulaya akahamia Mexico mwaka 1941, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1963.

Mama mkwe simlaumu. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuulizana nani anaumwa. Hata Mexico ndege huyu ana sifa mbaya. Ila Varo alikulia Ulaya, ambako bundi ni ndege wa Athena, mungu wa hekima wa Wagiriki wa kale, nami huyu wenu namsoma kwa upande huo.

Sogea uangalie mikono. Wa kulia umeshika brashi iliyounganishwa na fidla ndogo inayoning’inia kifuani. Wa kushoto umeshika kioo cha pembetatu: mwanga wa angani unapita humo, unamwangukia ndege pale karatasini, naye anainuka, yuko hai. Wenzake wameshaanza kuruka. Kando kuna mtambo wenye umbo la yai. Unavuta kitu kutoka nje ya dirisha, unakichuja, kisha unadondosha rangi kwenye kibao cha mchoraji.

Wanaosema sanaa ya namna hii ni ndoto tu hunichosha. Fuata kila mrija wa mtambo ule, utaona unakoanzia na unakoishia. Baba yake Varo alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji, na ndiye aliyemfundisha bintiye michoro ya kihandisi tangu utotoni. Kwa hiyo mimi naiona pale karakana, si kilinge cha mganga. Fundi ana zana zake, na ndege hapati uhai mpaka muziki, mwanga na rangi vikutane.

Mwambie binti amketishe bibi yake amwelezee picha, aanzie kwenye fidla, sura ya bundi aiache mwisho. Bibi akikataa bado, ihamie chumbani kwa binti. Sebule ina wenyewe.