Tezi Imetulia, Mbona Macho Bado?

Muuza bizari wa Marikiti ndiye aliyeniamsha. "Mamangu, mbona wanikodolea macho, kwani nimekupunja?" Tukacheka. Nilipofika nyumbani nikashika kitambulisho kando ya kioo. Kwenye picha, kope zimefunika sehemu ya juu ya mboni. Kwenye kioo, weupe umezunguka juu na chini. Shangazi akasema ni jicho la watu, nikanywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Silaumu kombe, najilaumu mimi niliyechelewa kupima damu.

Kumbe ni ugonjwa wa Graves. Kinga ya mwili hupotoka, ikaichokoza tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, itoe homoni kupita kiasi. Kinga hiyohiyo huvamia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho, yakavimba, jicho likasukumwa mbele. Mimi nilidhani vidonge vya kabimazoli vikishatuliza tezi, macho nayo yatarudi. Wapi! Moyo uliacha kwenda mbio, mikono ikaacha kutetemeka, macho yakabaki palepale. Yana mwendo wake. Uvimbe huweza kuchukua mwaka, hata miwili, kabla ya kupoa. Hata hivyo vidonge usiviache, maana homoni zikipanda au zikishuka mno macho huzidi kuumia.

Mchana natia matone ya machozi ya kununua, usiku mafuta mazito ya macho, kwa kuwa mume wangu aligundua nalala macho nusu wazi. Mito miwili hupunguza uvimbe wa asubuhi. Kwenye feri ya Likoni, kaskazi ikivuma, sivui miwani ya jua. Shemeji nilimtoa barazani na sigara zake. Mwenye ugonjwa huu akivuta, macho huharibika zaidi na dawa hufanya kazi kidogo. Na ukiandikiwa ayodini ya mionzi kwa ajili ya tezi, mtajie daktari macho yako kwanza, kwani huweza kuyachochea.

Kila asubuhi naziba jicho moja, natazama leso nyekundu iliyoning'inia mlangoni, kisha naziba la pili. Siku moja jicho la kushoto liliiona imepauka, rangi ya udongo. Sikungoja tarehe ya kliniki. Mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umeanza kubanwa. Nikalazwa siku hiyohiyo, nikatiwa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa dripu, na wekundu wa leso ukarudi.

Leso yenyewe sasa imechujuka kwa kufuliwa. Juzi nimeshuka Biashara Street kununua nyingine, nisije nikakimbilia hospitali kwa makosa ya sabuni.