Hiyo deki ya HD DVD iache, diski kagua kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama uchukue ile deki ya HD DVD (aina ya diski za video za picha kali iliyoshindana na Blu-ray) uliyoiona mnada wa Msalato kisa bei chee, na diski zake kama zitacheza kwenye deki yako ya Blu-ray. Deki achana nayo aisee, Toshiba wenyewe waliitupa HD DVD tangu 2008, na Blu-ray ya kawaida haizisomi hizo diski japo zote ni leza ya bluu, maana data ya HD DVD imekaa ndani milimita 0.6, ya Blu-ray 0.1 tu. Ila diski zigeuze, ukikuta inang'aa pande zote na maandishi madogo yamezunguka tundu, hiyo ni ya pande mbili, upande mmoja HD DVD mwingine DVD ya kawaida, chukua, deki yako ya Blu-ray ikiwa inakubali DVD za nje (zilizofungiwa nchi za kanda nyingine) itaupiga fresh huo upande wa DVD.