Hitler hakuhifadhi chochote Prague

Ndugu, hiyo video inayodai Hitler aliziacha sinagogi (nyumba za ibada za Wayahudi) za Prague, mji mkuu wa Ucheki, ili apate "makumbusho ya kabila lililotoweka" usiimeze nzima nzima. Makumbusho ya Kiyahudi pale yalianzishwa 1906, Wanazi hata hawajazaliwa kisiasa. Mwaka 1942 ni Wayahudi wenyewe waliopendekeza mali za jumuiya za Kiyahudi za Bohemia na Moravia (maeneo ya Ucheki ya leo), ambazo watu wake walikuwa wakihamishwa kwa nguvu, zikusanywe hapo. Wanazi wakakubali kwa sababu zao. Wayahudi waliozipokea mali hizo na kuziandikia kadi, kimoja baada ya kingine, wengi wao walipelekwa kambini wasirudi. Halafu sifa apewe Hitler?

Hilo jina la "kabila lililotoweka" wanahistoria hawajaliona katika hati za wakati ule. Limevuma baada ya vita. Na sehemu kubwa ya mtaa wenyewe wa Wayahudi wa Prague ilibomolewa na manispaa kuanzia miaka ya 1890, majengo yakapandishwa mapya.

Kwenye magombo ya Torati ya jumuiya hizo video iko sawa: 1,564 yalifika London mwaka 1964, yakiwa yameuzwa na serikali ya Chekoslovakia.