Doa jeusi chini ya plasta

SWALI: Daktari, salaam aleikum. Mwanangu ana miaka 6, ana saratani ya damu, tumekaa wodini Mombasa wiki tatu akipewa kemo, juzi tumerudi Lamu. Pale mkononi alipowekwa kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, chini ya plasta, kuna doa jekundu na leo katikati limekuwa jeusi. Nyanya yake asema ni mashilingi, nimpake liwa. Nimpake?
Mama, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Nilikujibu kwa simu siku ileile, manake hili si la kungoja gazeti, hapa narudia kwa wazazi wengine. Usipake liwa, wala mafuta ya nazi, wala krimu ya dukani. Pigia simu wodi mliyotoka, uwaambie doa linakuwa jeusi, mvuke Mokowe mrudi huko hata kama mtoto hana homa, na kama ni usiku anzeni hospitali ya hapo Lamu wazungumze na wenzao.

Mashilingi hukaa juu juu ya ngozi, yanawasha tu, hayageuki meusi hivyo. Hili naliogopea ni fangasi wa aina nyingine, aspajilasi au raizopasi, yule raizopasi ndiye huota kwenye mkate uliosahaulika. Vumbi lake liko hewani, wewe na mimi twalivuta kila siku na seli nyeupe za damu zinalimaliza, lakini mtoto wa kemo seli hizo zaweza kushuka chini ya 500 kwa mikrolita, yaani kitone kidogo sana cha damu, basi fangasi akipata ngozi iliyochubuka chini ya plasta, na jasho na joto, anaingia, anaziba mishipa midogo ya damu, nyama inakufa. Ndio huo weusi.

Wala si uchafu wako mama, tafadhali usijilaumu. Marekani miaka ya 1970 plasta zenyewe ndizo zilikuja na raizopasi, na New Orleans mwaka 2008 hadi 2009 ikawa ni mashuka ya hospitali.

Watamkata kijinyama kidogo kipelekwe maabara, usikatae, manake dawa ya vorikonazo inamweza aspajilasi lakini raizopasi haimfanyi kitu, huyo anataka dawa nyingine, amfoterisini, na mara nyingi daktari wa upasuaji aondoe nyama iliyokufa. Likishikwa likiwa dogo matumaini ni makubwa zaidi.

Na nyinyi mlio wodini sasa hivi, ombeni muuguzi aitazame ngozi ya pale kwenye kanula kila siku, na plasta ikilowa ibadilishwe. Mkiona doa, lizungushieni kalamu pembeni na mpige picha, ili daktari akija ajue limekwenda kasi gani.